Jinsi Nilivyong'arisha Vigae vya Shangazi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimemaliza! Nyumba nzima! Jikoni, barazani, sebuleni. Grauti, ile saruji laini, nimeijaza kwenye mianya ya vigae tangu asubuhi hadi alasiri, mtu mmoja, mwiko mmoja wa mpira, ndoo moja ya maji. Aliyesema haraka haina baraka hakuwahi kuniona kazini.

Nyumba ni ya Shangazi, dada wa baba. Mshonaji. Kaijenga miaka kumi na mmoja, tofali kwa tofali, cherehani ikilia. Jumamosi hii anahamia. Kazi ya vigae watu wote walimshauri ampe Pimamaji. Akasema damu nzito kuliko maji, akanipa mimi. Nakubaliana na damu.

Pimamaji ni fundi wa mtaa wa pili. Jina kalipata kwa sababu hapigi kigae mpaka alaze pimamaji juu yake, akodolee kile kitone cha hewa, apumue, akodoe tena. Tulianza naye siku moja kwa fundi mmoja. Yeye kakaa miaka mitatu. Mimi wiki tatu zilinitosha. Vichwa havilingani. (Fundi alisema ananifukuza. Mimi nasema nilihitimu.)

Leo saa nane kapita, kachungulia dirishani. Akauliza kama nafuta kila kipande mara baada ya kukijaza, kabla hakijakauka, na kama nabadilisha maji. Nikamwambia aende nyumbani akapime chai yake kama imelala sawa kikombeni. Akacheka, akaenda. Anacheka vibaya huyu, anacheka kama mtu asiye na kinyongo.

Nimefuta, kwani nani kasema sikufuta? Mwishoni. Vyote kwa mkupuo. Maji ya ndoo yalikuwa yamekuwa mazito kama uji, lakini maji ni maji.

Jambo moja tu nimelifanya taratibu. Mlango wa sebule, ule wa mbele, una kizingiti cha marumaru. Si kigae, ni jiwe lenyewe, jeupe, lina mishipa ya kijivu kama mkono wa bibi. Marehemu mume wa Shangazi alikuwa mchonga mawe. Jiwe lilikataliwa kwenye jengo kubwa kwa ajili ya pembe iliyomeguka. Akaliomba, akalikata upya, akawa analisugua kila jioni kwenye vyumba vya kupanga, akisema wakipata mlango wao hicho ndicho kizingiti. Akafa kabla ya mlango. Jiwe limehama nyumba nne chini ya kitanda cha Shangazi. Jumamosi anataka avue viatu, alikanyage, aingie kwake. Hilo tu. Vigae vingine hata vingekuwa vya zambarau asingeuliza.

Nimelilaza sawasawa. Pimamaji kaniazima pimamaji lake. Hilo la mwisho si lazima lijulikane.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimefungua mlango nikadhani kuna moshi ndani.

Si moshi. Ni vigae! Vyote vimevaa ukungu mweupe, kama nyuso za watu waliomwagiwa unga. Nikapitisha kidole. Kidole kikaacha njia, njia ikabaki na ukungu mwembamba zaidi. Grauti niliyoifuta kwa yale maji ya uji imekauka juu ya kila kitu. Hata jiwe la marehemu limefifia kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Wa kwanza kufika alikuwa Binamu, binti wa Shangazi. Mwalimu wa chekechea. Husema na mimi kama anavyosema na wanafunzi wake, polepole na kwa kuinama. Akauliza kama huo ni mtindo au ni msiba. Nikamjibu kwamba ni pumzi. Grauti inapumua. Mafundi wakubwa wanajua. Akasema basi inanuka mdomo, na tangu leo jina langu ni Fundi Nusu.

Shangazi alipokuja nikamweleza hiyohiyo habari ya pumzi. Akaniamini! Akasema, afadhali yeye ana fundi wa kumwelimisha, wenzake wanaibiwa. Akanimiminia chai kutoka chupa yake, akaniita baba, kama aniitavyo siku zote kwa kuwa nimebeba jina la baba yake. Chai ilikuwa tamu. Sikuweza kumtazama usoni. Niliimaliza, lakini sikumtazama.

Mbinu ya kwanza: nyuzi za chuma, zile za kusugulia sufuria. Jikoni, vigae vya ukutani, vyeupe vyenye kung'aa kama meno ya tangazo. Nimesugua kwa nguvu za kiume. Ukungu ukatoka! Nikaimba. Nikasugua ukuta mzima, nikaimba beti zote ninazozijua na mbili nilizotunga.

Saa kumi jua likaingia dirishani.

Mikwaruzo. Maelfu! Ukuta mzima kama paka kumi wamegombania kipande cha nyama. Jua likisogea, mikwaruzo nayo inasogea. Nimefunga dirisha. Nimemwambia Shangazi jikoni ni vizuri kuwe na giza kidogo, nzi hawapendi giza.

Akashukuru kwa ushauri. Ee Mungu.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Leo baraza. Vigae vya pale ni vya udongo mwekundu, vya kuchomwa, havina kioo juu. Vinakunywa kila kitu. Ukungu umeingia mpaka ndani, hauko juu tena, uko nyumbani kwake.

Nimemwaga maji. Ukungu ukapotea! Wote! Baraza jekundu, safi. Nikaruka. Nikapiga kofi ukuta kama mtu anayempongeza ng'ombe. Nikakaa kufurahia.

Maji yakakauka. Ukungu ukarudi, na nadhani ulirudi na ndugu zake.

Nikamwaga tena. Ukapotea. Ukakauka, ukarudi. Asubuhi yote tumecheza hivyo, mimi na baraza. Hapo ndipo akili yangu ikafunguka: si lazima ukungu utoke. Ni lazima Shangazi aje vigae vikiwa na maji.

Nikamwita aje kukagua. Nikatangulia na ndoo. Akafika, baraza linang'aa, akashika mdomo kwa furaha. Nikamwambia basi twende, kuna kazi. Hakwenda! Akakaa kwenye ngazi. Akaanza kunisimulia jinsi marehemu alivyokuwa akikaa chini namna hii, jiwe mapajani kama mtoto anayeogeshwa, na yeye akimwambia aliache ale kwanza, na marehemu akimjibu kwamba jiwe halijashiba. Alicheka, akafuta macho kwa pindo la kanga. Hadithi nzuri. Lakini ndefu! Nilikuwa nikiona nyuma ya mgongo wake, kigae kimoja kimoja, weupe unarudi. Nikajisogeza nikasimama mbele ya kimoja. Vikawa viwili. Nikapanua miguu. Vikawa sita.

Akageuka. Akatazama. Akaniuliza, je, ni pumzi tena?

Nikasema ndiyo, hii ndiyo ya mwisho, ya kukata roho.

Alipoondoka nikaenda kununua dawa nyekundu ya sakafu, ile ya kopo, ya kupaka saruji. Nimelipaka baraza lote kwa tambara mpaka likawa jekundu kuliko lilivyozaliwa. Ukungu uko chini yake, umezikwa. Hakuna anayefukua kaburi bila sababu.

Saa kumi na moja Shangazi akarudi kuchukua futi yake ya kupimia aliyoisahau. Akapita barazani, akaingilia mlango wa jikoni maana jiwe kaliwekea Jumamosi. Akapita sebuleni. Akaingia chumbani, akatoka, akazunguka jikoni. Sasa nyumba ina nyayo nyekundu kila chumba, ndogo, zenye vidole vitano, na unaweza kuzifuata ukajua alisimama wapi akafikiri. Amesimama sana mbele ya ukuta wa jikoni.

Akachukua futi yake, akaenda zake. Hilo ndilo linalonila.

Binamu yeye alisema. Alisema watoto wake wa chekechea huchora kwa nyayo hivyo, lakini wao huwekewa karatasi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Kesho kutwa anahamia. Nimeamka na neno moja kichwani: jiwe. Nikasema yote yaharibike, jikoni waishi gizani, barazani wavae soksi, lakini jiwe la marehemu nitalitoa ukungu leo, kwa mikono yangu, ling'ae mpaka Shangazi ajione uso. Kwa upendo kabisa. Naomba hilo liandikwe, na kwa kuwa mwandishi ni mimi, nimeliandika.

Nikaenda duka la vifaa. Nikamwambia muuzaji nataka dawa ya kutoa grauti iliyokauka. Akauliza ni kigae gani: cha kung'aa, cha udongo, au jiwe? Sasa mtu akikuuliza swali mbele ya wateja wanne, utajibu kwamba hujui kwa nini anauliza? Nikasema cha kila aina, kaka, mimi nafanya kazi kubwakubwa. Akanipa tindikali, ya kusafishia vyoo vilivyoshindikana. Akasisitiza nisome maandishi. Maandishi yenyewe madogo kama mayai ya chawa. Kulikuwa na picha ya mkono unaodondokewa na matone, mkono una mashimo. Nikajua ni tangazo la glavu. Sikununua glavu.

Nikamimina.

Jiwe likatoa povu! Likachemka, likafoka, likapiga mluzi mdogo. Nikasema naam, hii ndiyo dawa, uchafu unapiga kelele ukifukuzwa. Nikaongeza. Nikaiacha ifanye kazi, nikaenda nje kwa sababu macho yalikuwa yananiwasha. Nikafikiri jinsi Pimamaji atakavyoniomba nimfundishe.

Nikarudi, nikasuuza.

Sijui niandikeje. Jiwe halina uso tena. Lilikuwa laini kama shavu, sasa ni kavu, limeparara, ukipitisha kiganja linakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Mishipa ya kijivu imefifia. Katikati kuna bonde dogo pale nilipoongeza. Nikafuta, nikapuliza, nikalibembeleza, nikalimwagia maji. Likiwa na maji lilinidanganya kidogo. Likakauka.

Miaka yote ile ya jioni. Mtu alisugua akiwa na njaa. Mimi nimemaliza kwa nusu saa, nikiwa nimeshiba.

Vidole vya mkono wa kulia vinachunika. Suruali imetoboka mifukoni. Sijali suruali.

Nimelifunika jiwe kwa zulia la mlangoni.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Siku mbaya kuliko zote. Naandika haraka niitoe.

Asubuhi nililipaka jiwe mafuta ya kupikia. Likang'aa! Dakika kumi. Kisha likayanywa, likawa na madoa ya njano kama shati la mpishi. Nikarudisha zulia.

Saa tisa akaja Shangazi na Binamu, kupima mapazia. Shangazi akasema aondoe zulia alione jiwe lake, kesho ndiyo siku. Nikasema zulia halitolewi, linahifadhi unyevu. Nikasema ni hatari. Nikasema mambo mengi. Binamu akaliinua kwa kidole gumba cha mguu.

Zulia likabaki limening'inia kwenye kidole chake.

Natamani Shangazi angepiga kelele. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya jiwe, akakiacha pale, kama mtu anayemgusa mtoto kipaji cha uso kuona kama ana homa. Kisha akauliza nani.

Na mdomo wangu, mdomo huu ninaolia chakula, ukasema: Pimamaji.

Ukaendelea! Ukasema alikuja jana mchana na chupa. Ukasema ana wivu tangu tukiwa kwa fundi. Ukasema nilimkataza akanisukuma. Nikatoa na machozi mawili matatu, na la kushangaza yalikuwa ya kweli, isipokuwa hayakuwa ya habari hiyo.

Binamu akatoka, akarudi na Pimamaji. Alikuwa na vumbi la kazini mpaka kwenye nyusi. Shangazi akamweleza nilivyosema, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Nilikuwa natazama dari. Dari ya Shangazi imepigwa vizuri, sijawahi kuitazama dari kwa makini hivyo.

Pimamaji hakubisha. Akapiga goti, akanusa jiwe, akasugua kidole. Akasema ni tindikali. Akauliza kitu kimoja tu: aliyemwaga ameumia? Maana hii inakula jiwe, lakini inaanza na ngozi.

Hapo Shangazi akasema, kwa sauti ya chini, sote tumwonyeshe mikono. "Wote wawili. Mikono juu ya jiwe."

Pimamaji akaweka yake. Migumu, mipana, mizima. Mimi yangu niliitia mifukoni. Lakini mifuko ndiyo hiyo iliyotobolewa na tindikali! Vidole vyangu vitatu, vyekundu, vilivyochunika, vikawa vinachungulia nje ya suruali kama watoto waliojificha nyuma ya pazia.

Binamu akasema, "Tunawaona." Hakucheka. Tangu nimjue, hiyo ni mara ya kwanza hakucheka.

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Lakini sakafu hiyo nimeipiga mimi, ndicho kitu pekee nilichokipiga imara.

Shangazi akanitazama. "Baba," akasema, "ungeniambia." Basi. Maneno mawili. Angenitukana ningeona nafuu, tusi lina mwisho wake.

Na aliyenishika mkono kunipeleka bombani ni nani? Pimamaji. Akanimwagia maji safi vidoleni muda mrefu, akibadilisha ndoo, kwa sababu yeye hubadilisha maji hata kwa mtu. Nilimwambia samahani kwa sauti ambayo yeye hakuisikia. Nilihakikisha haisikiki.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Wamehamia kwa mlango wa jikoni.

Pimamaji kamwambia Shangazi jiwe halijafa. Litasuguliwa upya kwa msasa wa maji, kuanzia wa mchanga mkubwa hadi laini kabisa, jioni kwa jioni, kisha unga wa kung'arishia. Wiki mbili, labda tatu. Kwa kuanza akaliosha mafuta, akalisugua pembeni, kipande cha ukubwa wa kiganja, na hapo pakarudi laini. Shangazi alipapapasa, akatikisa kichwa polepole. Akasema amengoja miaka kumi na mmoja, wiki mbili si kitu, ila hataliruka jiwe la mumewe wala hatalikanyaga likiwa gonjwa. Mlango wa mbele umefungwa. Amri.

Kwa hiyo kitanda kimepita jikoni. Meza imepita jikoni. Kabati la nguo lilikwama mlangoni saa nzima, nusu ndani, nusu nje, na mimi nikiwa upande wa ndani, nimebanwa kati ya kabati na ukuta wangu wa mikwaruzo, pua yangu na mikwaruzo uso kwa uso. Kila jirani aliyekuja kusaidia aliuliza hilohilo: mama, mlango mkubwa ule pale, mbona mnateseka? Na kila mara Shangazi akajibu kwamba wa mbele bado haujawa tayari. Hakusema kwa nini. Hakunitazama hata akisema. Jirani mmoja akasema fundi wake basi ni mzembe. Shangazi akamjibu kwamba fundi wake bado ni kijana.

Nilibeba godoro peke yangu, kichwani, ili lifunike uso.

Mchana Pimamaji akanizungusha nyumba nzima kunieleza. Sikuomba, lakini mtu uliyemsingizia huwezi kumkatalia somo. Kasema ukungu hutolewa mapema, kabla haujashika, kwa sponji yenye unyevu kidogo na maji safi, kipande kwa kipande. Ukishakauka, kwanza kitambaa laini kikavu. Ukibaki kwenye vigae vya kung'aa, ngoja grauti ikomae siku kama kumi, lowesha kigae, kisha siki kikombe kimoja kwenye ndoo ndogo ya maji, ukijaribu kwanza kona isiyoonekana, na suuza sana. Nyuzi za chuma hapana. Vigae vya udongo hupakwa dawa ya kuziba vitundu kabla ya grauti, sio baadaye. Vyetu sasa ni brashi laini, maji, subira, na kwanza tuibandue rangi yangu. Na marumaru? Sabuni isiyo kali, maji, kitambaa. Basi. Kamwe kitu chenye uchachu. Akarudia mara tatu, akininyooshea kidole: uchachu ndio unaolila jiwe. Uchachu.

Nikamwambia nimesikia. Nimesikia kweli. Binamu aliyekuwa akipita na mito akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia hili langu limefufuka.

Leo nimeapa. Natoka kwenye ujanja. Nitakuwa mtu wa kubeba ndoo za Pimamaji, nitanyamaza, nitajifunza. Shangazi amelala mchana kidogo kwenye chumba chake mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani, na ameingia humo kama mwizi, kupitia jikoni. Kwa sababu yangu. Moyo unaniuma mpaka mgongoni.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Wametoka tangu asubuhi, Shangazi na Binamu, kuwashukuru majirani. Pimamaji leo hafanyi kazi. Nimebaki na jiwe.

Nimekaa karibu nalo muda mrefu. Kile kipande alichokisugua Pimamaji kinang'aa, kidogo tu, kama jicho moja lililofunguka. Mengine yote yamefumba. Nikafikiri: wiki mbili! Wiki mbili Shangazi wa watu apite jikoni na miaka yake hamsini na mitatu, akikunja mabega? Na mimi nikitazama? Mtu mwenye aibu ya kweli hakai akitazama. Mtu mwenye aibu ya kweli hutengeneza alichokiharibu. Kiapo cha jana kilihusu ujanja. Huu si ujanja, huu ni utu.

Mama wa nyumba ya pili alikuwa nje anasugua sinia lake la shaba kwa limau. Sinia lilikuwa jeusi, sasa ni jua! Nikamuuliza ni limau tu? Akasema limau tu, mwanangu, hata mama yake alifanya hivyo. Akanipa manne.

Sasa mtu asije akasema sikusikia somo. Nilisikia, nikalikumbuka, nikalitumia. Pimamaji alisema uchachu ndio unaolila jiwe. Sawa. Kwa hiyo nimeyakamua malimau yote manne kwenye bakuli, na nimetia sukari. Vijiko sita. Nikakoroga, nikaonja. Bado uchachu kwa mbali. Nikatia vingine vitatu. Nikaonja tena, nikatulia, nikameza taratibu kama fundi. Uchachu hakuna hata chembe. Tamu kama sharubati. Hakuna jiwe duniani linaloweza kudhurika na kitu hiki, hata mtoto mchanga angekinywa akalala.

Nikajaribu kona kwanza, kama nilivyofundishwa. Nilichagua ile iliyosuguliwa, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha vizuri. Kisha nikalimwagia lote.

Nimekaa hapa nyuma kwenye ngazi ya jikoni, nimeliacha lifanye kazi yake. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimepumua mpaka chini. Aibu imeondoka kifuani kama mtu aliyeshusha mzigo wa kuni.

Wamerudi. Nasikia malapa ya Shangazi yanaelekea sebuleni. Yamesimama. Ameniita. Ameniita tena, sasa si baba, ni kwa jina langu kamili lote. Na Binamu naye anaita, na naona ametumwa mtu kumfuata Pimamaji.

Wanataka wote wawepo. Acha ninawe kwanza, mtu hapokei shukrani akiwa na mikono inayonata.